Kabla ya Kukata Leso: Somo kwa Vikundi vya Ushonaji

Vikundi vingi vya akina mama na vijana hushona mito, mikoba na matandiko ya viraka. Hasara mara nyingi huanzia dukani: kitambaa kinachuja rangi au kinarudi baada ya kufuliwa, na mteja hanunui tena.

Mtaa wa Biashara, Mombasa, unaojulikana kwa maduka ya leso, ni mahali pazuri pa kujifunza kuchagua. Leso huuzwa kwa doti, yaani mbili zinazofanana. Kila moja ina pindo, mji na jina. Mji hufaa katikati ya mto. Pindo hufaa ukingoni. Soma jina kabla ya kulipa, kwani leso ya mafumbo haifai zawadi ya harusi.

Uliza kama ni pamba tupu. Ukifika nyumbani, sugua pembe kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikishika rangi, leso hiyo isishonwe na nyeupe. Fua doti nzima, anika, piga pasi, ndipo ukate.

Kwenye maonyesho ya kilimo ya Mkomani, tazama mishono na mpangilio wa rangi, na uulize bei. Huko utajua wanunuzi wanapenda nini kabla hujatumia mtaji wa kikundi.