MASHUKA YA MZEE ASIYETULIA USINGIZINI

Kurani Tukufu, katika Sura Bani Israil, yatuagiza kuwatendea wema wazazi wetu wafikapo uzeeni, wala tusiwaonyeshe uchovu wetu hata kwa neno dogo la kuchukizwa. Wengi wetu tukisikia agizo hilo hufikiria chakula, mavazi na matibabu. Ni wachache wafikirio kitanda. Hali mzee hukaa hapo usiku kucha, na akiugua hata mchana. Somo letu la leo lahusu kununua mashuka mapya kwa ajili ya mzazi ageukageukaye usiku, ambaye alfajiri hukutwa juu ya godoro tupu, na shuka limemsokota miguuni. Jambo hili ni kubwa kuliko lionekanavyo, kwani mzee anaswaye na shuka anapoinuka gizani aweza kuanguka na kuvunjika nyonga, na wengi hawarudiwi tena na nguvu zao baada ya jeraha hilo.

Kwanza, ijulikane sababu

Shuka halitibu maradhi. Kabla ya kwenda dukani, mzee aulizwe kwa upole ni nini kimsumbuacho. Pengine ni joto, maumivu ya magoti, mwasho wa ngozi kavu, au haja ndogo ya mara kwa mara. Dawa za kupunguza maji mwilini zikimezwa jioni humwamsha mtu usiku. Daktari aulizwe kama zaweza kumezwa asubuhi. Miguu inayomlazimisha mtu kuitikisa kila alalapo yaweza kuwa dalili ya upungufu wa madini ya chuma. Naye apigaye mateke na kupiga kelele kwa sababu ya ndoto apelekwe kwa daktari, maana hiyo yaweza kuwa dalili ya mapema ya ugonjwa wa ubongo. Tena mzee aliyekuwa mtulivu, akianza ghafla kuhangaika na kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali bila kungoja.

Pili, kitambaa

Ngozi ya mzee ni nyembamba, na mafuta yake ya asili yamepungua. Kila ageukapo husuguliwa, na mahali penye mkunjo, unyevu au mshono pakigandamizwa muda mrefu huzuka vidonda vya kulalia. Basi shuka lililounganishwa kwa mshono wa katikati lisinunuliwe, hata likiwa rahisi.

Pamba tupu hunywa jasho na kupitisha hewa. Mchanganyiko wa pamba na poliesta hukauka upesi na haukunjamani sana, lakini huhifadhi joto, na ukichakaa hutoa vifundo vidogo vinavyokwaruza. Kwa mtu ageukageukaye, afadhali pamba iliyofumwa kwa ufumaji wa kawaida, uzi mmoja juu na mmoja chini; ni imara na haishiki joto. Ufumaji wa satini huteleza vizuri, ila nyuzi zake hunaswa na kucha. Wauza duka husifu wingi wa nyuzi. 200 hadi 400 kwa inchi ya mraba zatosha. Hesabu ya 1,000 aghalabu hupatikana kwa kuhesabu moja moja nyuzi nyembamba zilizosokotwa kuwa uzi mmoja.

Tatu, kipimo

Kosa lililoenea ni kupima kitanda na kusahau unene wa godoro. Tuchukue godoro la futi 4 kwa 6, lenye unene wa inchi 8. Upana wake ni inchi 48. Ongeza 8 kila upande, kisha 10 kila upande za kuchomeka chini ya godoro. Jumla ni inchi 84, yaani futi 7. Kwa urefu, inchi 72 pamoja na nyongeza hizo hizo ni 108, yaani futi 9. Pamba nayo hunywea ifuliwapo, kwa hiyo ongeza inchi 4 au 5 kwa kila kipimo. Ukinunua shuka lenye mpira, mpira uzunguke pande zote nne, maana ule wa pembeni tu huchomoka upesi. Na kina chake kizidi unene wa godoro.

Shuka la kujifunika liwe jepesi, lisichomekwe kwa kukaza miguuni, wala lisining'inie hadi sakafuni. Rangi ya shuka la chini itofautiane na sakafu, ili macho yaliyofifia yauone ukingo wa kitanda.

Ikiwa mzee hulowesha kitanda, nailoni itandikwe chini ya shuka, isiguse ngozi. Juu ya shuka, kuanzia mgongoni hadi magotini, tandika kipande cha pamba kilichokunjwa mara mbili, ambacho chaweza kuondolewa peke yake usiku bila kumwamsha sana wala kumwaibisha. Chandarua nacho kichomekwe vizuri, lakini upande anaoshukia mzee aweze kukifungua mwenyewe kwa mkono mmoja.

Wako wamfungao mzee kitandani kwa shuka, wakidai kwamba wanamkinga asianguke. Jambo hili ni la hatari. Afungwaye hujivuta mpaka akakabwa, na hata asipokabwa amevunjiwa heshima yake. Kitanda kifupi, taa ndogo, njia isiyo na mkeka wa kumkwaza, na mtu alalaye karibu humkinga zaidi.

Nne, utunzaji

Shuka jipya lifuliwe kabla ya kutumiwa, ili wanga na dawa za kiwandani zitoke, kisha lisuuzwe mpaka sabuni iishe. Yanunuliwe walau mashuka matatu: moja kitandani, moja kambani, moja kabatini. Aliye na moja tu humlaza mzazi wake juu ya unyevu siku ya mvua.

Mwisho, mzee mwenyewe apewe nafasi ya kukishika kitambaa na kuchagua. Yeye ndiye atakayekilalia, na alipokuwa mchanga hakuna aliyempa mamlaka juu ya usingizi wetu ila mapenzi yake kwetu, yaliyomwamsha kila tulipolowa. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwalipa wazazi wetu walau sehemu ndogo ya mikesha yao. Amin.