SOMO LA SOKO: Kipimo cha meno hakisafiri, sanamu husafiri

Mwenye kliniki ya meno mjini Sumbawanga anayemtegemea fundi wa meno bandia aliyeko Mbeya ana gharama moja isiyoandikwa kwenye ankara: muda. Wiki hii tunaangalia vifaa vya kuchukulia vipimo vya meno na mahali hasara inapoingilia.

ALGINETI: Unga huu ndio unaotumika sana kwa kazi za kawaida, kwa kuwa ni nafuu kuliko silikoni. Hutokana na mwani wa kahawia. Mwani unaolimwa Unguja na Pemba ni wa jamii nyingine na hautoi algineti, hivyo mnunuzi hutegemea bidhaa ya kuagizwa.

Kipimo cha algineti kimejaa maji. Kikiachwa mezani hunywea; kikilowekwa huvimba. Jasi imiminwe ndani ya robo saa. Kitambaa chenye unyevu huokoa muda mfupi tu. Kutoka Sumbawanga hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300. Kipimo kilichopanda basi kitafika kimebadilika umbo, na meno yatakayotengenezwa hayatamkaa mgonjwa. Hapo kazi hurudiwa, na mgonjwa wa Laela au Namanyere hulipa nauli mara ya pili.

JASI: Dawa yake ni kumimina jasi hapohapo kliniki na kutuma sanamu. Kwa hiyo algineti na jasi ngumu ziagizwe pamoja. Jasi ngumu huhitaji takriban mililita 30 za maji kwa gramu 100. Plasta nyeupe ya kawaida huhitaji kama 50. Maji yakizidi, sanamu huwa dhaifu na huvunjika njiani. Itolewe kwenye kipimo baada ya saa moja hivi, kisha ifungwe kwa sponji.

BARIDI: Mji wa Sumbawanga uko kwenye mwinuko wa takriban meta 1,800. Maagizo ya algineti kwa kawaida hukusudia maji ya nyuzi 20 hadi 23 za Selsiasi. Asubuhi za Juni na Julai maji ya bomba huwa baridi kuliko hapo, na unga huchelewa kuganda. Usiongeze unga, vunja baridi ya maji kwa maji ya moto kidogo, ukipima kwa kipimajoto.

TREI: Zenye matundu huishika algineti isibanduke. Za chuma cha pua ni ghali mwanzoni, lakini husafishwa kwa mvuke na kutumika tena. Za plastiki za kutupa huongeza gharama kwa kila mgonjwa. Asiye na jino hata moja huhitaji trei yenye kingo fupi, na mara nyingi ute wa oksidi ya zinki na yujenoli, kiini kilekile cha mafuta ya karafuu.

HESABU: Pakiti ya gramu 450, kwa gramu 20 kila kipimo, hutoa vipimo 22. Vinne vikiharibika hubaki 18. Gawanya bei kwa 18 ndipo ulinganishe wauzaji. Pakiti kubwa ya bei nafuu si nafuu iwapo itafunguliwa Novemba na kunyonya unyevu wa mvua hadi Aprili.

Kabla ya kulipa, soma tarehe ya mwisho wa matumizi, hakikisha kijiko na kikombe cha kupimia vimo, na uwe na kopo lisilopitisha hewa.