Kondomu Inapopasuka: Saa 72 za Kwanza

Mtumiaji anapogundua kwamba kondomu imepasuka wakati wa kujamiiana, swali la kwanza linalomjia ni moja: je, nimeambukizwa VVU? Swali hilo halina jibu usiku ule, wala asubuhi yake. Kipimo cha haraka hutafuta kingamwili, na kingamwili huchukua wiki kadhaa kujitokeza katika damu. Anayepimwa kesho yake na kupewa majibu hasi amejibiwa kuhusu maisha yake ya nyuma, si kuhusu tukio la jana.

Swali lenye faida ni hili: zimepita saa ngapi?

Zipo dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio la hatari, zijulikanazo vituoni kwa jina la PEP. Ni dawa za jamii ile ile ya ARV, humezwa kila siku kwa siku 28 bila kuruka, na sharti zianzwe ndani ya saa 72. Kadiri zinavyowahiwa ndivyo zinavyofaa zaidi. Tuchukue mfano: kondomu ikipasuka Ijumaa saa 4 usiku, anayengoja kliniki ifunguliwe Jumatatu saa 2 asubuhi amekwisha poteza saa 58. Tunamshauri aende hospitali yenye huduma ya dharura usiku huo huo, hata kama anaona haya.

Mhudumu atampima kwanza, kwa kuwa aliyekwisha kuwa na VVU huhitaji tiba kamili, si kinga. Kisha atauliza habari za mwenzi. Mwenzi anayeishi na VVU, anayemeza dawa zake sawasawa na ambaye vipimo vyake havionyeshi virusi katika damu, haambukizi kwa njia ya kujamiiana. Hapo huenda dawa zisihitajike. Mwenzi asiyejua hali yake akikubali kupimwa, ni vema, lakini dawa zisicheleweshwe kwa kumbembeleza.

Hofu nayo ipewe kipimo chake. Inakadiriwa kwamba, mwenzi akiwa na VVU na hatumii dawa, tendo moja la ukeni huambukiza wanawake wapatao 8 katika matukio 10,000, na wanaume wapatao 4. Kwa anayeingiliwa kinyume cha maumbile idadi hufikia 138. Vidonda na magonjwa ya zinaa huongeza hatari. Takwimu hizi zimtulize mtu moyo, zisimzuie kwenda kituoni. Na asijisafishe ukeni kwa sabuni au ndimu: humchubua, hazimkingi.

Baada ya hapo hupimwa tena kwa ratiba ya kituo, kwa kawaida wiki ya 6 na mwezi wa 3, na katika muda huo atumie kondomu. Mwanamke asiyetaka ujauzito aulize vidonge vya dharura, ambavyo hutumika ndani ya siku 5. Kaswende na kisonono navyo vichunguzwe.

Wengi hukwepa kituo kwa kuogopa kusemwa mtaani. Nchini Tanzania, sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka mhudumu atunze siri ya majibu, na mteja ana haki ya kumkumbusha hilo.

Kuhusu kondomu yenyewe, mara nyingi chanzo ni matumizi: mafuta ya nazi au ya mgando hudhoofisha mpira, pochi ya mfuko wa nyuma huipasha joto, na kuvaa mbili kwa pamoja huzifanya zisuguane. Kilainishi kiwe cha maji. Lakini iwapo kondomu za pakiti moja zinapasuka mfululizo ilhali muda wake haujapita, hifadhi pakiti yenye namba ya toleo, pamoja na zilizobaki, uziwasilishe katika ofisi ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Ufanye hivyo baada ya kutoka hospitali, si kabla.