Somo la Vijana: Kupanga Ofisi Unapoomba Kazi

Baadhi ya vijana wetu waliomaliza chuo huomba kazi katika kampuni za ushauri wa biashara, kama McKinsey au BCG. Fomu huuliza: ungependa ofisi gani kwanza, gani pili, gani tatu? Wengine hujaza haraka haraka tu, mradi fomu ijae. Tusifanye hivyo. Ukiandika mji, ni kama umesema utakwenda.

Kabla ya kujaza, tuangalie haya:

1. Kibali. Nairobi Mkenya hahitaji kibali cha kazi; Johannesburg anakihitaji.

2. Lugha. Casablanca Kifaransa hutumika sana kazini. Kama hukijui, usiiweke juu.

3. Jamaa. Nani anakutegemea nyumbani? Zungumza na wazazi sasa, usingoje barua ya kazi ije.

4. Safari. Kazi hii hufanywa sana kwa mteja. Hata ukipewa Nairobi, waweza kulala wiki nzima mji mwingine.

Weka kwanza ofisi unayoweza kuitolea sababu, maana kwenye mahojiano waweza kuulizwa. Mahali usipoweza kwenda, usipaandike kabisa.

Swali la kujadiliana katika jumuiya: Mzazi akikataa mji aliouchagua kijana, tufanyeje?