SOMO: CHOMBO CHA MNUNUZI NA KIPIMO CHA MUUZAJI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, somo la leo ni juu ya jambo ambalo wengi hulidharau: kwenda dukani na chombo chako mwenyewe, ukapimiwa mafuta, maziwa, mchele au sabuni ya maji, badala ya kununua kila kitu ndani ya plastiki itakayotupwa siku ile ile. Wako wasemao kuwa haya ni mambo ya kigeni, dini haihusiki nayo. Asemaye hivyo hakuijua dini yake, na mila ya wazee wake ameisahau.

Kwanza, kununua kwa kupimiwa ni desturi yetu ya asili. Wazee wetu wa pwani walinunua nafaka kwa kibaba na pishi, na pishi moja ni vibaba vinne. Kwa vipimo hivyo walitufahamisha mudi na saa za sharia, na hata leo zaka ya Fitri twaitaja kwa pishi. Mtoto alitumwa dukani na chupa ya mafuta na kikapu cha ukili. Akarudi navyo, pasiwe na cha kutupwa. Basi lililo geni ni plastiki, si chombo.

Pili, dini imekataza israfu. Katika Suratul Aaraf, aya ya 31, Mwenyezi Mungu ametuhalalishia kula na kunywa, na akatukataza kupita kiasi. Na imepokewa kwa Anas, katika Bukhari na Muslim, kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, na akioga kwa saa moja mpaka mudi tano. Ikiwa hata maji ya ibada yalipimwa, tutasema nini juu ya arusi na hitima zetu, ambapo kila mgeni hufunguliwa chupa yake ya plastiki, akanywa mafunda mawili na kuiacha?

Tatu, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni tawi katika matawi ya imani. Basi ni ipi hali ya yule auwekao? Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 28 Agosti 2017, kwa adhabu ifikayo faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Lakini marufuku ile haikugusa chupa, wala vifuko ambavyo bidhaa hufungwa humo kiwandani. Hizo zimebaki juu ya dhamiri ya mnunuzi.

Yafaa sasa tujiulize: ikiwa kupimiwa ni kwema hivi, kwa nini watu wamekuacha? Si kwa uvivu peke yake. Wengi wamekimbilia pakiti iliyofungwa kwa sababu hawamwamini mpimaji. Wamechoka na maziwa yaliyotiwa maji na kilo isiyotimia. Hii ndiyo shina ya maneno yetu.

Tutazame mfano wa Kapkatet, mji mdogo wa kaunti ya Kericho, baina ya Litein na Kaplong, katika nchi ya chai tuinywayo asubuhi. Mkulima wa huko huchuma majani, akayachukua mpaka kituo cha kununulia, yakapimwa na kuandikwa kilo zake, kisha yakapelekwa kiwandani. Malipo yake yote yamesimama juu ya mzani ule. Kilo moja ikipunjwa leo na nyingine kesho, imekwenda karo ya mtoto. Na maziwa ya nyumbani Wakipsigis wameyahifadhi tangu zamani katika kibuyu, ambacho husuguliwa kwa mkaa na kutumika tena na tena. Chombo cha kudumu wanacho, na thamani ya mzani wanaijua.

Lakini mkulima yule huyo akiwa na duka, yeye ndiye apimaye. Je, atawapimia wenziwe kama apendavyo kupimiwa majani yake? Hapa ndipo ilipotugusa Suratul Mutaffifin, mwanzo wake: imewaonya kwa maangamizo wale ambao wakijipimia kwa watu hutaka kutimiziwa, na wakiwapimia wengine hupunguza. Kila mmoja wetu hupima na hupimiwa. Basi aya hizi zatuhusu sote.

MASUALA

Suala: Yafaa kupima mafuta pamoja na uzito wa chombo?
Jawabu: Haifai. Chombo kitupu kipimwe kwanza, na uzito wake utolewe, mnunuzi akiona.

Suala: Chombo chochote chafaa?
Jawabu: La. Kiwe safi, kikavu, chenye kifuniko, kwani Mtume (S.A.W.) ameamrisha kufunika vyombo. Na dumu lililotiwa dawa ya kuulia wadudu lisitiwe chakula kabisa, hata likioshwa.

Suala: Maskini mwenye shilingi ishirini atafaidi nini?
Jawabu: Yeye ndiye wa kufaidi zaidi. Katika vipakiti vidogo hulipia na karatasi yake. Akipimiwa, fedha yake yote huingia katika chakula.

Enyi wenye maduka, wekeni mzani mahali mnunuzi auonapo, uwe umekaguliwa na kupigwa muhuri. Mkumbukeni Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika fungu la chakula sokoni akakuta umajimaji ndani, akamkanya mwenyewe na akabainisha kuwa mdanganyifu si katika sisi. Nanyi wanunuzi, wiki hii kila nyumba ianze na chombo kimoja: cha mafuta, au cha maziwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kutimiza vipimo, na atuepushe na israfu na dhulma. Amin.