Jaribu Triga kwa Karatasi Kabla ya Filamu

Muuzaji wa Kariakoo aliyeniuzia triga, kile kifaa cha kuwasha flashi bila waya, aliigeuzageuza renjifainda yangu, Canonet QL17 GIII, akanirudishia: "Kaka, kamera yako ndiyo mbovu. Triga ni mpya." Nilikuwa nimempelekea picha za maharusi nilizopiga Coco Beach saa saba mchana. Bahari imetoka safi, nyuso zimejaa vivuli utadhani flashi haikuwaka. Iliwaka, na kila aliyekuwepo aliiona. Kauli yake iliniudhi, na ndiyo iliyonisukuma kuandika hatua hizi za kutumia triga kwenye renjifainda.

Kwanza, weka betri mpya, na sugua kwa ufutio kile kichuma cha katikati pale flashi inapokaa. Kwa kuanzia hayo yatosha.

Pili, ijue shata yako. Leica M6 ina shata ya pazia la kitambaa, na spidi ya mwisho kwa flashi ni 1/50. Ukizidisha, upande mmoja wa picha unabaki mweusi. Kwa filamu ya ISO 100, jua kali na 1/50 hudai f/22, ilhali lenzi nyingi za Leica huishia f/16. Shata ya Canonet imo ndani ya lenzi na hukubali flashi hadi 1/500. Kwa kazi ya juani siibadilishi na Leica, wapenzi wake wanisamehe.

Tatu ni hili lililonitoa jasho. Toa filamu, fungua mlango wa nyuma, kisha bandika pale filamu inapopita karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, ile ya mafundi ramani. Punguza mwanga chumbani, fungua lenzi hadi f/1.7, elekeza kamera kwenye ukuta mweupe na flashi imulike ukuta huohuo. Piga huku ukitazama karatasi. Panda spidi moja moja: 1/60, 1/125, 1/250, 1/500.

Kwangu karatasi iling'aa vizuri 1/60 na 1/125. Kufika 1/250 ikafifia, na 1/500 ikawa giza. Nikachomoa triga, nikaunganisha flashi kwa waya: 1/500 karatasi yote nyeupe! Kumbe kamera ni nzima. Triga ilikuwa inachelewa kupeleka ishara, na kwa 1/500 shata hukaa wazi milisekunde 2 tu, hivyo flashi iliikuta shata imeshafungwa.

Nilirudi dukani na waya na karatasi yangu. Wauzaji wa jirani wakasogea kutazama. Tulijaribu triga nyingine tatu za kabati lake, na ya bei ya chini kuliko zote ndiyo iliyong'arisha karatasi hadi 1/250. Nilibadilishiwa palepale.

Wiki iliyofuata maharusi walikubali kurudi ufukweni. ISO 100, 1/250, f/16. Flashi yangu ina namba ya nguvu 32 kwa mita, kwa hiyo niliisimamisha mita 2 kutoka usoni: 32 ukigawa kwa 2 ni 16. Anga likaiva kwa buluu, nyuso zikawaka, na bibi harusi ameitundika ile picha sebuleni.

Ukienda kununua triga, beba kamera yako bila filamu, waya na karatasi. Muuzaji akikataa usiijaribu dukani, nenda duka la pili.