Mwezi 22 Ramadhani: Iddi ya foleni

Bismillahir Rahmanir Rahim.

 

Tumeingia kumi la mwisho. Usiku wa Lailatul Qadri tunautafuta, lakini kwenye simu zetu kumeingia na jambo jingine: michango ya safari ya Iddi. Kila kundi lina tangazo. Coaster inaondoka saa tatu baada ya swala, inakwenda Dar kwenye bustani ya michezo ya maji, mtu mzima kiasi fulani, mtoto kiasi fulani, mwisho wa kulipa mwezi 27. Picha iliyobandikwa ina mteremko wa buluu, maji yanang'aa, na watoto wawili tu wanacheka. Hao watoto wawili ndio leo nataka tuwazungumzie. Maana wewe ukifika hapo siku ya Iddi mosi, hutawakuta wawili. Utakuta mji mzima.

Nianze na hukumu, kwa sababu najua wapo watakaosoma nusu wakasema ustadhi kaharamisha bembea. Sijaharamisha. Kucheza siku ya Iddi ni katika dini yetu. Mtume wetu (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za kucheza, akawaeleza kwamba Allah amewabadilishia kwa zilizo bora zaidi, Iddi ya Fitri na Iddi ya Kuchinja. Hii kaipokea Abu Dawud kutoka kwa Anas. Hakuwaambia wakae ndani wakunje nyuso. Na siku Abubakar alipoingia nyumbani kwa Bibi Aisha akawakuta vijakazi wawili wanaimba siku ya sikukuu, akataka kuwanyamazisha, Mtume alimwambia awaache, maana kila watu wana sikukuu yao. Basi furaha ya mtoto siku ya Iddi ni haki yake, na mzazi anayeitafuta anapata ujira kwayo.

Swali langu ni jingine. Mbona tunarudi tumenuna?

Ninyi wenyewe ndio mnaoniambia. Iddi iliyopita si mmoja wala wawili waliokuja kwangu wiki ile. Mmoja alisema, "Ustadhi, nimelipa getini, nimepanga foleni juani, na mtoto kanilalia begani kabla zamu yake haijafika." Mwingine alikuwa na hasira ya chakula: pilau ya mkewe ilizuiwa mlangoni, wakanunua chipsi za humo ndani kwa bei ambayo angeisema hapa mngedhani anatania. Mama mmoja alichosikitikia ni Adhuhuri na Alasiri, hakupata pa kuswali wala pa kujisitiri akabadili nguo. Nao hao hao, mwaka huu, wawili tayari wamelipa mchango. Nikamuuliza mmoja kulikoni, akajibu: "Watoto wa jirani wanakwenda."

Hapo ndipo ugonjwa ulipo, ndugu zangu. Hatuendi kwa sababu kulikuwa kuzuri. Tunakwenda ili tusiwe sisi tuliobaki. Ile sura fupi tunayowasomesha watoto madrasa, At-Takathur, inazungumzia kushindana kwa wingi mpaka watu wakaingia makaburini. Tumezoea kuifasiri kwa mali na majumba. Mimi naona hata picha za Iddi kwenye simu zinaingia humo.

Na msidhani ni sisi wa Bagamoyo tu. Bustani maarufu kuliko zote za namna hii, Disneyland, ilifunguliwa Anaheim, California, Julai 17, 1955. Siku ile ile ya kwanza walifurika watu kupita walioalikwa, wengine kwa tiketi za kughushi, jua kali, na mabomba ya maji ya kunywa mengine hayatoi kitu. Kiingilio kilikuwa dola moja kwa mtu mzima. Leo tiketi ya siku moja inapita dola 100. Mwaka 1999 walianzisha utaratibu wa bure wa kushika nafasi ili mtu asisimame sana kwenye foleni. Mwaka 2021 badala yake ukawekwa wa kulipia. Yaani unalipa kuingia, kisha unalipa tena ili usisubiri kile ulichokwisha kulipia. Wamarekani wenyewe wanalalamika, wanasema safari imekuwa ghali na foleni ni ile ile, na bado wanakwenda. Mtume (s.a.w.) alishatuambia kuhusu mwanadamu mwenye mabonde mawili ya mali, kwamba angetamani la tatu. Foleni nayo ina bonde lake la tatu.

Sasa tufanye hesabu kidogo, nivumilieni, mimi ni mwalimu na chaki haijatoka mkononi. Namba hizi ni za mfano, si bei ya mahali fulani. Baba, mama na watoto wanne. Gari 15,000 kila mmoja, ni 90,000. Kiingilio tuseme 15,000 kwa kichwa, 90,000 nyingine. Chakula na soda 10,000 kwa kichwa, 60,000. Miwani ya plastiki, aiskrimu, picha ya kuchapishwa, weka 30,000. Jumla 270,000. Huyu baba ana 70,000 mfukoni. Laki mbili anazitoa wapi?

Mnajua anakozitoa. Kausha damu. Anachukua 200,000, anarudisha 260,000 ndani ya mwezi. Hiyo ziada ni riba, haina jina jingine hata ukiiita ada ya huduma. Kwa hiyo mtu amefunga siku thelathini, amesimama tarawehe, amelia katika witri, halafu siku ya kwanza ya kufungua anaifungulia kwa riba. Na deni halijui Iddi. Mwezi wa Shawwal ambao angefunga sita zake kwa utulivu anaukaa akikwepa simu. Wapo akina mama hapa kwetu waliochukuliwa kitanda na redio na hao watu. Sitaji majina, mnawajua.

Halafu linganisha. Fitri ya watu sita, kwa kilo mbili na nusu hivi kila mmoja, ni kilo 15 za mchele. Kwa shilingi 3,000 kilo, ni 45,000. Pungufu ya zile chipsi na soda. Na bado kila mwaka asubuhi ya Iddi, takbira zimeshaanza, napigiwa simu na mtu ananiuliza kama fitri inaweza kungoja mwisho wa mwezi. Haingoji, ndugu yangu. Inatolewa kabla ya swala ya Iddi, na ikitolewa baada ya hapo inakuwa sadaka kama sadaka nyingine. Cha kungoja ni bembea.

Wiki iliyopita madrasa niliwapa watoto wakubwa zoezi la kuandika: Iddi iliyopita ulifurahi nini? Ukurasa mmoja tu. Nilisoma madaftari baada ya daku. Waliokwenda bustani walikuwa tisa. Kati ya tisa, watano waliandika zaidi juu ya gari kuliko juu ya maji: kaswida walizoimba njiani, kukaa na binamu zao kiti kimoja, shangazi aliyelala mdomo wazi. Mteremko wenyewe ulipata mstari mmoja. Mvulana mmoja ambaye hakwenda popote aliandika ukurasa mzima, na nyuma akaendelea, jinsi baba yake alivyomfundisha kufunga ndoana na wakapata changu wawili wadogo. Na mtoto mmoja, wa miaka tisa, aliandika maneno mawili: "Nilipotea Dar."

Nilimwita nikamuuliza taratibu. Alipotea kwenye msongamano, akakaa chini ya ukuta mpaka wakati wa kula, ndipo nyumbani wakajua hayupo. Wazazi wake hawajui kwamba bado analikumbuka.

Hapa lazima niwakumbushe jambo zito, kwa sababu vijana wengi wa leo hawalijui. Oktoba 1, 2008, sikukuu ya Iddi kama hii, mjini Tabora, watoto walijazwa kwenye ukumbi wa disko kupita uwezo wake. Hewa ikawa haitoshi, wakakanyagana. Walikufa watoto wapatao 20. Walitoka nyumbani na nguo mpya. Ndiyo maana hadi leo, kila Iddi ikikaribia, mnasikia polisi wanapiga marufuku disko toto. Sisemi kila penye watu pana kifo. Nasema mahali pasipohesabu watu wanaoingia, ila huhesabu pesa zinazoingia, usimpeleke mwanao.

Basi tufanyeje? Kwanza, kama bustani unaitaka kweli na fedha unayo ya halali, nenda. Lakini usiende Iddi mosi. Nenda siku ya kazi katika likizo ya shule, watu ni wachache na mtoto atateremka mpaka achoke mwenyewe. Iddi si tarehe ya mwisho ya kufurahi.

Pili, tazama Bibi Aisha. Wahabeshi walikuwa wakicheza na mikuki yao msikitini siku ya Iddi, naye akatamani kuwatazama. Mtume (s.a.w.) alimsimamisha nyuma yake, akatazama juu ya bega lake, na Mtume akaendelea kusimama mpaka yeye Aisha aliposhiba kutazama. Imo Bukhari na Muslim. Hakukuwa na kiingilio. Alichopewa ni mtu kusimama naye bila kumharakisha, mtu ambaye umma mzima ulikuwa unamhitaji. Mtoto wako anakuona saa ngapi kwa wiki? Unatoka alfajiri, unarudi kalala. Halafu siku ya Iddi unamlipia mteremko, na wewe uko kivulini na simu, unampiga picha.

Na sisi wa Mbegani kwa kweli tumepewa. Watu wanatoka Dar kuja ufukwe wa Bagamoyo siku ile ile ambayo sisi tunapanda gari kwenda Dar, tunapishana njiani. Hapo Kaole kuna magofu ya msikiti ambao asili yake inarudishwa karne ya 13, makaburi yenye nguzo, na kisima chenye maji baridi hatua chache kutoka baharini. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo. Wangapi kati ya watoto wetu wameingia? Mpeleke, muoneshe kibla cha wazee waliosujudu hapa kabla yetu karne nyingi, muombeeni mliowakuta. (Yale ya kuzunguka mbuyu ili uongezewe umri muwaachie watalii. Umri uko kwa Allah.)

Lakini nikisema bahari, nasema pamoja na onyo, na hili naomba lisambazwe hata kwa wageni wenu wa kutoka mjini. Iddi ya Fitri ni Shawwal mosi, mwezi umeandama. Wavuvi wetu mnajua maana yake: ni bamvua. Maji hupwa sana na kujaa sana, tofauti yake inapita mita tatu. Na bamvua ya pwani hii ina saa zake. Hupwa kabisa asubuhi, saa nne saa tano hivi, na hujaa alasiri, saa kumi kuelekea saa kumi na moja. Sasa weka ratiba ya Iddi juu yake. Swala inaisha, watoto wanafika ufukweni saa nne, bahari imekwenda mbali, wanaufuata mchanga hadi kwenye mafungu. Mchana maji yanarudi, na hayarudi kwa mstari mmoja kama mkeka unaokunjuliwa. Yanapita kwanza kwenye mabonde ya chini, nyuma ya fungu. Mtoto yuko pakavu anacheza mpira, kumbe nyuma yake kumeshajaa na mkondo unakwenda. Mtoto wa Mbegani huenda akajua. Binamu yake wa Manzese hajui.

Kwa hiyo mwaka huu, kwa makubaliano na wazee wa msikiti, Iddi mosi kutakuwa na michezo ya watoto uwanja wa madrasa baada ya swala: kuvuta kamba, kukimbia na magunia, rede, na mpira wa baba dhidi ya watoto. Hakuna mchango wa fedha. Kila nyumba ilete mkeka na sahani moja ya chochote ilichopika, hata kama ni maandazi. Mtoto ambaye baba yake yuko safarini au ametangulia mbele ya haki, jirani aje naye, asiachwe akatazama kwa ukutani.

Watakaopenda kwenda pwani tutakwenda pamoja, kwa miguu. Nahitaji watu wazima sita wanaojua kuogelea, wavuvi wetu mkipenda kujitolea ndiyo bora zaidi, wa kusimama upande wa maji na si wa nchi kavu. Majina mpeni muadhini kabla ya tarawehe ya kesho. Saa saba mchana watoto wote wanatoka majini, hata wakilia.

Wassalaam alaykum warahmatullah.